Bibi Mwalimu Anajibu: Usiku Tisa wa Kuimba Pwani ya Pasifiki

SWALI: Shikamoo Bibi Mwalimu. Hapa Gungu tulikuwa na msiba mwezi uliopita. Usiku, tumekaa mkekani na akina mama, binamu yangu akatufungulia kwenye simu watu weusi wa Kolombia, nao wako msibani. Hakuna spika wala ngoma. Mama mmoja anaanzisha, wenzake wanapokea, hivyo hivyo mpaka alfajiri. Shangazi yangu alitokwa na machozi, akasema hao ni watu wetu waliochukuliwa hapa Ujiji. Ni kweli? Na kwa nini wenzetu wanaimba usiku tisa, wakati sisi siku hizi mtu akizikwa saa kumi, ikifika saa kumi na mbili viti vya kukodi vimeshapakiwa kwenye gari?
Mjukuu wako, Gungu, Kigoma

JIBU: Marahaba mjukuu wangu, na poleni sana kwa msiba.

Nianze na shangazi. Hao hawakutoka Ujiji, na kinachotuamulia ni miaka. Misafara ya pembe na watumwa iliyoondoka hapa kwetu, ikapita Tabora kuelekea Bagamoyo, ilishamiri karne ya 19. Burton na Speke walipofika Ujiji mwaka 1858 waliwakuta wafanyabiashara wa Kiarabu wameshajikita. Waliofika pwani wakiwa hai walivushwa Zanzibar, wengine wakapelekwa Uarabuni na visiwa vya Bahari ya Hindi. Njia hiyo, kuanzia Ujiji na Kwihara hadi Bagamoyo, Tanzania iliiweka kwenye orodha yake ya awali ya urithi wa dunia mwaka 2006, na ningependa kila mtoto wa Kigoma alijue hilo. Watu uliowaona kwenye simu mababu zao walianza kufikishwa Amerika ya Kusini tangu karne ya 16, wengi wakitokea Afrika Magharibi, Kongo na Angola. Walishushwa bandari ya Cartagena, kisha wakapelekwa upande wa Pasifiki kuchimba dhahabu kwenye mito ya Chocó na Barbacoas.

Hata hivyo usimnyamazishe shangazi. Alichokisikia amekisikia kweli: mmoja anatoa, wengi wanaitikia, na sauti za waitikiaji haziachi mwanya. Wakongo na Waangola wale walikuwa Wabantu kama sisi. Si lazima mtu awe alipakiwa Ujiji ndipo tumlilie.

Pwani yenyewe inaanzia Chocó, inashuka Buenaventura, Guapi na Tumaco, inavuka mpaka hadi mkoa wa Esmeraldas nchini Ekuador. Ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote duniani. Msitu mzito, mikoko, barabara chache, na mto ndiyo njia. Mtu wa Kalya au Buhingu, ambaye boti ndiyo basi lake, angeyaelewa maisha yale bila kuelezwa.

Hapo Esmeraldas kuna habari ambayo nilipoisoma mara ya kwanza nilisimama nikaizunguka meza. Mwaka 1553 meli iliyotoka Panama kwenda Peru ilitia nanga pwani hiyo. Ndani yake walikuwamo Waafrika 23, wanaume 17 na wanawake 6. Waliposhushwa, meli ikapigwa na mawimbi ikavunjika, nao wakaingia msituni, wakaoana na wenyeji, wakawa na nchi yao. Aliyekuja kuwa kiongozi wao mkubwa ni Alonso de Illescas, mzaliwa wa upande wa Cabo Verde, aliyekulia utumwani Sevilla na kukijua Kihispania barabara. Dola ya Hispania ilishindwa kuwatiisha kwa bunduki, ikabidi itume padri kwenda kuzungumza. Ekuador ilimtangaza Illescas shujaa wa taifa mwaka 1997, na tarehe 2 Oktoba ndiyo siku ya watu weusi wa nchi hiyo.

Kuna picha ya rangi iliyochorwa Quito mwaka 1599 na Andrés Sánchez Gallque, mchoraji mwenyeji wa huko, ikapelekwa kwa mfalme wa Hispania. Iko Madrid mpaka leo. Inawaonyesha viongozi watatu wa Esmeraldas: Don Francisco de Arobe, umri miaka 56, na vijana wake Pedro, 22, na Domingo, 18. Wamevaa kola pana nyeupe za mabwana wa Kihispania, puani na masikioni wametia dhahabu kwa desturi ya wenyeji wa pwani ile, na mikononi wana mikuki. Nilipokuwa nafundisha, wanafunzi walikuwa wamezoea kumwona Mwafrika wa karne zile akiwa na mnyororo shingoni tu. Itafuteni picha hiyo mwoneshe na shangazi.

Sasa usiku tisa. Hesabu yenyewe ni ya Kikatoliki, ni novena, sala ya siku tisa. Ila walichokitia ndani yake ni chao. Nyimbo ulizozisikia huitwa alabao, na huimbwa kwa koo tupu. Nyumbani kwa marehemu hujengwa madhabahu ya ngazi, imefunikwa mashuka meupe, ina mishumaa na sanamu za watakatifu, na juu hubandikwa kitambaa cheusi kilichokatwa umbo la kipepeo. Kila usiku watu wanakuja, wanasali, wanaimba, wanakunywa kahawa, wanacheza domino, wanamsimulia marehemu. Usiku wa tisa ndio mzito. Karibu na alfajiri mishumaa inazimwa, madhabahu inavunjwa kipande kwa kipande huku wakiimba, na watu wanaacha njia mlangoni ili roho ipite iende zake. Hapo ndipo kilio kinapoachiwa. Watu wazima wa hapa Ujiji wanaokumbuka siku ya kuanua matanga watajua nasema nini.

Mtoto mdogo akifa mambo hugeuka. Esmeraldas na kusini mwa Kolombia huita chigualo, Chocó huita gualí. Mtoto huvikwa nguo nyeupe na taji la maua, ngoma hupigwa, watu hucheza michezo ya kuzunguka na kuimba, kwa kuwa amekwenda moja kwa moja kuwa malaika na machozi yangemlowesha mabawa. Wapo wanaoeleza kwamba furaha hiyo ilianza enzi za utumwa: huyu mmoja bwana hampati tena. Nimemzika mtoto wangu mwenyewe, na sijui kama ningeweza kucheza. Lakini ninaelewa kwa nini mama aliyeko mgodini aliomba wenzake wamchezee.

Unaniuliza kwa nini wao tisa na sisi saa mbili. Mimi naona mto una sehemu yake: ndugu aliye mto wa mbali anahitaji siku za kupiga kasia. Sisi ndugu wa Dar anapanda basi jioni, kesho mchana yuko Mwanga, hapa hapa Kigoma. Na mchele una bei. Sikwambii mrudishe matanga ya siku arobaini yaliyokuwa yakiwafilisi wafiwa. Ila kuna kitu kimoja naumia nacho. Spika ikishawashwa, akina mama wanaojua kuanzisha wananyamaza, na wasichana waliokaa nyuma yao hawajifunzi kuitikia. Mwanzishaji mmoja hodari anaweza kuishi miaka themanini. Waitikiaji wakikosekana, anakufa na nyimbo zake zote akiwa bado anapumua. Msiba ujao, ombeni fundi wa spika achelewe saa moja.

SWALI: Bibi, mimi mvuvi wa Kibirizi. Nimesikia dada yangu akisoma habari za hao watu wa Pasifiki. Wavuvi wao nao wana mambo ya majini?

JIBU: Wanayo, baba. Wanaogopa mzuka anayeitwa Riviel, anayetembea usiku ndani ya mtumbwi uliokatika, na taa yake inawaka. Mvuvi akiifuata akidhani ni mwenzake, anapotea. Kwenu ninyi, ambao ziwa zima huwaka taa za dagaa usiku wa giza, mzuka wa namna hiyo angepata shida kutambulika!

Lakini taa zao nzuri ni za Guapi. Tarehe 7 Desemba, mkesha wa sikukuu ya Bikira Maria, mitumbwi hufungwa pamoja, hupambwa kwa matawi, karatasi za rangi na taa, sanamu ya Bikira hupandishwa, na wanawake huimba huku wakiteremka mto usiku. Watu wa kingo zote mbili wanasubiri na mishumaa. Nyimbo hizo huitwa arrullo, za kumsifu mtakatifu kama mtu anavyombembeleza mtoto, na hapo ngoma zinaruhusiwa.

Mtambue pia wanawake wa mikokoni. Wao huingia topeni maji yakipwa, wakipapasa kwenye mizizi wapate kombe weusi waitwao piangua, na pembeni hufukiza makumbi ya nazi kufukuza mbu. Ekuador mikoko mingi ilikatwa kupisha mabwawa ya kamba wa kuuza nje. Mkoko ukikatwa, kombe wanaondoka, na nyimbo walizokuwa wakiimba wanawake wakienda kazini nazo zinakosa kazi. Ninyi mnaokumbuka Ziwa Tanganyika lilivyofungwa lisivuliwe miezi mitatu mwaka 2024 mnajua ukimya wa mwalo unavyokuwa.

SWALI: Shikamoo Bibi. Bibi yangu hapa Kasulu alikuwa mkunga wa jadi. Siku hizi wanawake wanakwenda zahanati, na watu wanamwita mshamba. Ana huzuni. Huko unakokuandika wakunga wa jadi wanatendewaje?

JIBU: Mpe bibi yako salamu zangu za heshima. Marehemu mama yangu alikuwa mkunga hapa Ujiji, na nimewahi kushika taa akifanya kazi, kwa hiyo swali hili limenigusa mahali pake.

Pwani ya Pasifiki ya Kolombia mkunga ni mtu mkubwa. Vijiji vingi viko mbali na hospitali kwa mtumbwi, na yeye ndiye wa kwanza kuitwa. Anajua majani, anajua kukanda tumbo, ana chupa yake ya viche iliyolowekwa mitishamba. Viche ni pombe inayotoneshwa kwa maji ya muwa, na kwa miaka mingi watengenezaji wake walikuwa wakikamatwa kama wahalifu. Mwaka 2021 Kolombia ilipitisha sheria ya kuitambua kuwa kinywaji cha asili cha jamii za watu weusi wa Pasifiki. Mwaka 2023 UNESCO nayo iliuandikisha ukunga kwenye orodha ya urithi wa binadamu, kwa maombi ya nchi kadhaa zikiwemo Kolombia, Nigeria na Togo. Msomee bibi yako sentensi hiyo, mara mbili ikibidi.

Kondo la nyuma huzikwa karibu na nyumba, chini ya mti, na mti ule unakuwa wa mtoto. Kitovu nacho kina mambo yake. Kikishakatwa, mkunga hutia unga kidogo wa kitu ambacho wazazi wanataka mtoto achukue sifa yake: dhahabu apate riziki, au mdudu fulani wa msituni awe na nguvu. Mwanamume akiwa hodari kupita kiasi kazini, watu husema hiyo ni ya kitovuni. Sisi tunaosema kwamba mtu kwao ni pale kitovu chake kilipozikwa hatuhitaji maelezo marefu. Wenzetu wamekwenda hatua moja mbele: Sheria namba 70 ya mwaka 1993 iliwapa watu weusi wa kingo za mito ile haki ya kumiliki ardhi yao kwa pamoja, ardhi isiyouzwa. Mahali kitovu kilipozikwa pakawa na hati.

Nisikufiche ninachoamini. Mimba yenye hatari ni ya hospitali, na kitovu cha mtoto kibaki kisafi na kikavu, kisitiwe kitu. Mama yangu mwenyewe alikuwa wa kwanza kusema "huyu apelekwe" akiona damu haikatiki. Lakini kumwita bibi mshamba ni dhuluma. Ana mambo ambayo zahanati haina muda nayo: namna ya kumshika mwanamke mkono, nyimbo za kumtuliza, majina ya majani kwa Kiha. Kaa naye uyaandike hayo majani. Anza na yale anayoyapanda uani.

SWALI: Bibi, napiga ngoma hapa Tabora kwenye kikundi. Nataka kutengeneza marimba kama ya hao watu. Inatengenezwaje?

JIBU: Vipande vya juu huchongwa kwa chonta, mti wa porini wa jamii ya michikichi, mgumu na mweusi. Mafundi husisitiza ukatwe mwezi ukiwa unafifia, ndipo usiliwe na wadudu. Chini ya kila kipande huning'inia bomba la mwanzi, refu kwa sauti nzito, fupi kwa sauti nyembamba. Zamani hawakutumia kipimo, fundi alipunguza mti kidogo kidogo huku akigonga, mpaka sikio lake liridhike. Marimba hutundikwa kwa kamba kwenye boriti za nyumba, na wapigaji wawili husimama ubavu mmoja, huyu anashika sauti nzito zinazojirudia, huyu anachezea nyembamba. Pembeni kuna ngoma kubwa mbili, ngoma nyingine mbili ndogo ambazo moja ni dume na moja jike, na wanawake wanaotikisa guasá, kipande cha mwanzi chenye mbegu ndani, kazi yake kama kayamba letu. Chonta hutaipata Tabora. Mninga mnao, na watengenezaji marimba wengi wa Afrika wanausifu kwa sauti yake.

UNESCO iliandikisha muziki huo mwaka 2010 kwa upande wa Kolombia, ikaongeza Esmeraldas mwaka 2015. Kabla ya hapo ulipigwa vita vikali. Mapadri waliuita wa shetani, na vijana wa mjini wakauonea haya.

Nakutajia mtu mmoja: Guillermo Ayoví, aliyejulikana kama Papá Roncón, wa mji wa Borbón, Esmeraldas, aliyefariki mwaka 2022. Mtu mweusi huyu, fahari ya watu weusi wa Ekuador, marimba alijifunza kwa Wachachi, wenyeji wa msitu ule. Kwa hiyo msianze kugombana kwenye kikundi kipi ni cha Kinyamwezi halisi na kipi si halisi. Yeye alijenga nyumba ya kufundishia, watoto wakaingia.

SWALI: Bibi Mwalimu, babu yangu Ujiji hapa anajua mashairi marefu ya kichwani, hajayaandika popote. Nina simu nzuri. Nimrekodi au nitakuwa namkosea adabu?

JIBU: Mrekodi, na uanze wiki hii.

Esmeraldas walikuwa na malenga wanaoitwa decimero. Shairi lao, dekima, lina mishororo 44: kwanza ubeti wa minne, halafu beti nne za kumi kumi, na kila ubeti unamalizikia kwenye mshororo mmoja wa ule ubeti wa kwanza, kwa zamu. Umbo hilo lilitoka Hispania, likapotea midomoni mwa Wahispania wengi, likabaki vinywani mwa wavuvi na wakata miti weusi, wengi wao wasiojua kusoma. Zipo za mambo ya Mungu na zipo za mambo ya watu: njaa, safari, kodi, mapenzi, mtu kujisifu. Sisi tuliolelewa na beti na vina tutajua kazi ya kuyashika yote hayo kichwani, ukiwa na kasia mkononi.

Kijana mmoja wa huko, Juan García Salazar, aliyezaliwa mwaka 1944, alianza kuwazungukia wazee mito kwa mito akiwa na kinasa sauti. Alirekodi dekima, hadithi, alabao, na maelezo ya nani alifika wapi na kwa nini. Hakuwa na haraka: alikuwa mtoto wa hapo, anakaa, anakula, anarudi. Alifariki mwaka 2017, na hazina aliyokusanya iko Quito, kwenye Chuo Kikuu cha Andina Simón Bolívar, na walimu wa Esmeraldas waliitumia kutengeneza vitabu vya watoto wao.

Sasa wewe. Usifike na simu mkononi. Siku ya kwanza msikilize tu, siku ya pili muombe ruhusa mbele ya bibi au mama, ili asijione ameviziwa. Rekodi asubuhi kabla pikipiki hazijaanza, au baada ya alasiri akishapumzika. Anza kwa kutamka mwenyewe tarehe, mahali na jina lake, kisha muulize shairi alilipata kwa nani na lilikuwa likisomwa lini: harusini, maulidi, au kwenye mtumbwi. Maelezo hayo yakipotea, shairi linabaki bila kwao. Asipotaka moja litoke nje ya nyumba, lisitoke. Weka nakala kwa mtu mwingine wa ukoo, maana simu huanguka majini. Halafu mpigie asikie sauti yake. Atakukatiza, atasema "hapo nimeruka", na atakupa ubeti ambao hakuukumbuka mara ya kwanza.